Skuta Ndogo: Jinsi ya Kuichagua na Kuitengeneza kwa Fedha Chache

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya chombo kidogo cha magurudumu mawili kiitwacho skuta. Nimeichagua habari hii kwa sababu wako watu wengi ambao hudunduliza fedha mwaka mzima, na wengine miaka miwili, ili wapate chombo cha kuwapeleka kazini au sokoni. Kisha siku moja fedha ile yote huwatoka mkononi kwa muda wa saa moja, mbele ya skuta iliyopakwa rangi ya kupendeza. Mtu akichagua vema, nyumba yake nzima hupata nafuu. Akichagua vibaya, fedha imekwenda, na pengine mguu au maisha yamekwenda pamoja nayo.

Nitasema mambo matatu: kwanza, jinsi ya kujua chombo kinachokufaa, pili, jinsi ya kukichungua kabla hujalipa, tatu, mambo yapi uyatengeneze mwanzo na yapi uyaache hata mwisho. Na shina la maneno yangu yote ni hili moja: fedha yako ya kwanza iende katika kusimama, si katika kukimbia.

Asili ya skuta

Yafaa mjue kwanza chombo hiki kilitoka wapi, maana asili yake yatufundisha matumizi yake. Katika Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Piaggio, kilichoko katika mji wa Pontedera, Italia, kilikuwa kikitengeneza ndege, nacho kikabomolewa kwa mabomu. Vita vilipokwisha, watu wa Italia walikuwa hawana fedha, na barabara zao zilikuwa zimeharibika. Mhandisi mmoja wa kiwanda kile, jina lake Corradino D'Ascanio, akaagizwa kutengeneza chombo cha bei nafuu. Bwana huyu alikuwa fundi wa ndege, wala hakuzipenda pikipiki. Aliziona kuwa chafu, na mipira yake ni taabu kuibadili. Basi akaificha injini chini ya kifuniko karibu na gurudumu la nyuma, akaweka bati mbele ya miguu ili nguo zisichafuke, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja wa upande, kama gurudumu la ndege, ili lifunguliwe upesi.

Uvumbuzi huo uliandikishwa tarehe 23 Aprili 1946. Injini yake ilikuwa ya cc 98 tu, na jina lake likawa Vespa, maana yake nyigu kwa Kiitaliano. Mwaka uliofuata, 1947, kiwanda cha Innocenti cha Milano kikatoa skuta yake, Lambretta. Huku kwetu Vespa si ngeni. Mjini Unguja zimeonekana njiani kwa miaka mingi, na mafundi wazijuao hawakosekani.

Twaona basi ya kuwa skuta ilizaliwa katika uhaba. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye fedha chache na safari fupi, wala si kwa ajili ya mashindano. Anayeikumbuka asili hiyo hatakosea sana katika kuchagua.

Pima njia yako kwanza

Kabla ya kutazama skuta yo yote, itazame njia utakayoipita kila siku. Skuta nyingi zina rimu ya inchi 10. Tairi la kipimo cha 3.50 juu ya rimu hiyo lina upana wa sentimita 43 hivi kutoka ukingo hata ukingo. Pikipiki ndogo ya kawaida yenye rimu ya inchi 17 hupata sentimita 57 au zaidi. Sasa fikiri shimo lenye upana wa kitabu kilichofunguliwa. Gurudumu kubwa hulivuka shimo hilo kwa kishindo kidogo. Gurudumu dogo hutumbukia ndani yake, na mikono ya mwendeshaji hupigwa.

Kwa hiyo nasema wazi: ikiwa njia yako ni ya matope, mawe na makorongo, usinunue skuta. Nunua pikipiki ndogo yenye magurudumu makubwa. Kampuni ya Honda ilitoa mwaka 1958 pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, yenye nafasi ya kupitisha miguu kama skuta lakini yenye rimu za inchi 17. Na hata mwaka 2017 pikipiki za jamii hiyo zilizotengenezwa zilifika milioni 100. Watu hawakuzinunua kwa wingi huo kwa ajili ya uzuri wa sura. Lakini ikiwa njia yako ni lami au kifusi kilichoshindiliwa vizuri, skuta itakutosha, itakulinda na matope, na mama aliyevaa khanga au kanzu ndefu ataipanda bila taabu.

Tena tazama mzigo na vilima. Herufi cc huonyesha ujazo wa silinda, yaani nafasi ambayo mafuta na hewa huwakia. Injini ya cc 50 yatosha mtu mmoja katika nchi tambarare. Huko Japani mwendeshaji wa chombo cha cc 50 haruhusiwi kupita kilometa 30 kwa saa, na katika nchi za Umoja wa Ulaya vyombo vya namna hiyo hufungwa visizidi kilometa 45. Hii yaonyesha kuwa waliovitengeneza hawakuvikusudia kupanda mlima na watu wawili na gunia. Mwenye vilima na mzigo atafute cc 125 au 150 tangu mwanzo. Maana kununua injini kubwa aghalabu ni rahisi kuliko kuikuza ndogo.

Anza kwa muuza vipuri

Wengi huanza kwa muuza skuta. Mimi nakushauri uanze kwa muuza vipuri. Nenda dukani, uulize bei ya vitu vitano: tairi, mkanda wa injini, vipande vya breki, plagi, na waya wa breki. Uulize kwa jina la skuta unayoitamani. Mwenye duka akitikisa kichwa na kusema, "Hivyo huagizwa mbali," basi iache skuta hiyo hata ikiwa yauzwa kwa nusu ya bei. Chombo kisicho na vipuri ni sanamu ya chuma uani.

Na hapa kuna siri ndogo itakayowafaa wanafunzi. Skuta nyingi za Kichina zina majina mbalimbali ubavuni, lakini injini zao ni za ukoo mmoja. Tazama alama iliyopigwa katika injini. Ukiona 139QMB, tarakimu ya kwanza yasema silinda ni moja, na 39 yasema kipenyo cha silinda ni milimita 39. Hiyo ni injini ya cc 50. Ukiona 152QMI, kipenyo ni milimita 52 na kitu, nayo ni ya cc 125. Ukiona 157QMJ, ni milimita 57 na kitu, nayo ni ya cc 150. Mwenye kuijua alama hii hununua vipuri kwa namba ya injini, wala hadanganywi na maandishi ya ubavuni.

Vile vile ujue kama injini ni ya mipigo miwili au minne. Ya mipigo miwili, kama ile ya Vespa za zamani, ina viungo vichache, na fundi wa kijijini aweza kuifungua. Lakini hutumia petroli nyingi zaidi, na oili huchomwa pamoja na petroli. Kipimo cha kawaida cha Vespa za baadaye ni sehemu 2 za oili katika 100, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Lita 5 zahitaji mililita 100. Usikisie kwa jicho. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Injini ya mipigo minne ina oili yake ndani. Hunywa petroli kidogo, lakini oili hiyo yataka kupimwa na kubadilishwa kwa wakati wake.

Gawanya fedha kabla hujaondoka nyumbani

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Chukua karatasi, ugawanye fedha yako mafungu 10. Mafungu 6 ni ya kununua. Mafungu 2 ni ya breki, matairi, taa na beringi. Fungu 1 ni la kofia ngumu, kadi na bima. Fungu 1 ni akiba, kwa ajili ya lile ambalo hukuliona siku ya kununua. Nalo halikosi kuwapo. Mafungu haya si sheria, na bei za mahali pako zaweza kuyasogeza huku na huku. Lakini mtu akitumia mafungu yote 10 kununua, amenunua nusu ya skuta.

Mtaona ya kuwa sikuweka fungu la kuongeza mbio. Hilo litoke katika faida ambayo skuta itakuletea baadaye, kama bado utalitaka.

Siku ya kuichungua

Nenda asubuhi, si jioni, na umwombe mwenye chombo asiiwashe kabla hujafika. Injini baridi husema kweli. Ukiikuta ya moto, uliza sababu. Fuatana na fundi wako mwenyewe, si rafiki wa muuzaji.

Piga kiki kwa mguu. Kiki ikishuka laini bila kupingana na mguu wako, mgandamizo umepungua, na pete za pistoni au vali zimechoka. Ikiwaka, tazama moshi. Katika injini ya mipigo minne moshi wa buluu usiokoma maana yake ni oili inayoungua. Fungua plagi: rangi ya kahawia nyepesi ni njema, masizi meusi yaonyesha mafuta mengi kuliko hewa, nyeupe kama chokaa yaonyesha mafuta machache, nayo ni dalili ya joto la hatari.

Kisha isimamishe juu ya stendi. Geuza usukani polepole kulia na kushoto. Ukihisi kama unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu kwa mikono miwili ulitikise, lisicheze. Simama nyuma hatua 5, uchungulie kwa jicho moja kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja. Yasipokuwa katika mstari, chombo kilianguka kikapinda, na hapana rangi iwezayo kukinyosha.

Tazama kutu kwa makini. Katika Vespa mwili wa bati ndio mifupa yenyewe. Hauna fremu nyingine ndani. Basi inua zulia la miguuni, ugonge kwa kidole na kuchungulia chini, hasa huku pwani kwenye hewa ya chumvi. Bati lililooza pale ni mfupa uliooza. Katika skuta za plastiki fremu ni ya mabomba yaliyofichwa. Omba kifuniko kimoja kifunguliwe, utazame maungio.

Matairi nayo yana tarehe ya kuzaliwa. Tafuta tarakimu nne za mwisho mwisho wa alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani laweza kuwa na meno mazuri, na mpira wake umekwisha kuwa mgumu na kupasuka.

Mwisho, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizoandikwa katika kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zisipolingana, rudi nyumbani na fedha zako. Huenda chombo kimeibwa, nawe utapoteza chombo na fedha pamoja. Na ukilipa, ulipe mchana, mbele ya mashahidi, kwa maandishi.

Matengenezo ya kwanza

Sasa skuta iko uani kwako. Watoto wanaizunguka, na jirani anakuambia toboa bomba la moshi ili ipate nguvu. Usimsikilize. Debe tupu haliachi kuvuma. Kelele si nguvu, na bomba lililotobolewa huvuruga kipimo cha hewa na mafuta.

Anza na breki za mbele na nyuma: vipande vipya na waya mpya. Kisha matairi mawili ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Kisha taa ya mbele, ya nyuma na ya breki, maana usiku mwenye lori hawezi kukuhurumia asipokuona. Kisha beringi za magurudumu, na shokapu zinazovuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya hapo ifanyie kazi yako. Fundi wa kuchomelea aweza kukuundia keria ya bomba jepesi. Mwambie aifunge katika fremu, si katika plastiki, na mzigo ukae chini na karibu na kiti. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma kabisa, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hauitikii. Ukiwa na mizigo miwili, iweke sawa kulia na kushoto.

Nayo kofia ngumu isiwe ya mwisho. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi mbalimbali mwaka 2008 walikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa 42 katika kila 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika kila 100. Katika vitu vyote utakavyonunua kwa fedha chache, hapana kingine kitakachokurudishia faida kubwa kama hiyo. Abiria wako naye ana kichwa. Mnunulie ya pili.

Kuongeza nguvu

Kama skuta imekwisha kuwa salama, na bado hulemewa na kilima, twaweza sasa kusema juu ya nguvu. Anza na lililo rahisi. Katika skuta isiyo na gia za mkono, ndani ya puli ya mbele mna vidonge vya uzito, aghalabu sita, ambavyo huisukuma puli kadiri injini inavyozunguka. Vikilika upande mmoja, mwendo hukatakata. Badili vyote sita pamoja, na mkanda kama umechoka. Vidonge vyepesi kidogo huiacha injini izunguke zaidi kabla ya kubadili mwendo, nayo hupanda kilima vizuri. Lakini petroli hutumika zaidi. Mara nyingi mtu akifanya hivyo tu, hahitaji kingine.

Jambo kubwa zaidi ni kubadili silinda. Hebu tufanye hesabu. Injini ya 139QMB ina kipenyo cha sentimita 3.9, na pistoni husafiri sentimita 4.15. Zidisha 3.9 kwa 3.9, kisha kwa 4.15, kisha kwa 0.7854, utapata 49.6, ndiyo cc 50 wanayoisema. Sasa weka silinda ya sentimita 4.7: utapata 72. Kwa kuongeza milimita 8 tu, ujazo umezidi karibu nusu. Lakini injini sasa yavuta hewa nyingi, na kitundu cha mafuta cha kabureta ni kile kile cha zamani. Hewa ikizidi mafuta, joto hupanda, na pistoni huungua. Kwa hiyo silinda mpya hudai kitundu kikubwa zaidi, na plagi kukaguliwa baada ya safari za kwanza. Tena kadi yako imeandikwa ukubwa wa injini. Uliza kwanza ofisi ya usajili, yaani TRA katika Tanzania au NTSA katika Kenya, na kampuni ya bima. Bima ya cc 50 huenda ikakataa deni la cc 72.

Na kuna hesabu nyingine iliyo muhimu kuliko hiyo. Silinda imekua, breki hazikukua. Tuseme mtoto anatoka mbio kufuata mpira, mita 30 mbele yako. Tuseme unahitaji sekunde moja ya kushtuka, na breki zako nzuri hupunguza mwendo kwa kilometa 18 kwa saa katika kila sekunde. Ukienda kilometa 40 kwa saa, utapita mita 11 ukishtuka na mita 12 ukifunga breki; utasimama kwa mita 23, na mtoto ataokota mpira wake. Ukienda kilometa 60, utahitaji mita 17 na tena 28, jumla 45. Utamfikia mtoto yule ungali na mwendo wa kilometa 43 kwa saa, yaani kwa kasi kuliko ile ambayo yule wa kwanza alikuwa akisafiri nayo kabla hajagusa breki. Tofauti ya wawili hawa ni kilometa 20 kwa saa tu.

Kwa hiyo, wasikilizaji wangu, mwenye fedha chache asione haya kwa skuta yake ya polepole. Chagua ile inayofaa njia yako na yenye vipuri karibu; ichungue asubuhi; tumia fedha ya kwanza katika breki, matairi, taa na kofia; na nguvu uiongeze mwisho, kwa faida, kwa hesabu, na kwa kilima tu. Mwenda pole hajikwai, tena hufika nyumbani na mkate wa watoto mkononi.